Mkebe Usioongezwa Maji

Wiki jana mtoto wangu alirudi nyumbani na barua kutoka shuleni. Kufikia kesho yake asubuhi nitoe mikebe miwili, udongo, na mbegu sita za maharagwe. Watu wa rika langu mnazijua barua hizi. Tunazisoma tukiguna, tunalaumu serikali, tunalaumu walimu, halafu tunaingia jikoni kutafuta mkebe. Nilipata mmoja wenye kutu chini, nikautia udongo wa nje ya lango, nikaumwagia maji nusu kikombe ili nione kama unavuja. Harufu ilipopanda, ile ya kutu na udongo uliolowa, nilivuta stuli nikaketi, nikakaa pale hadi mtoto akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana. Na kweli sikuwa ninaumwa. Sikuwa nikihisi chochote, na hivyo ndivyo ninavyokuwa kila nikiukumbuka muhula ule wa darasa la nne.

Kwetu kulikuwa Soweto East, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, chumba kimoja cha mabati ambacho Baba alikigawa kwa pazia. Baba alikuwa seremala wa vitanda. Mama alikuwa na kibanda Soko la Toi, akiuza nguo za mitumba za watoto, na mimi ndiye niliyekuwa kiango chake. Akifungua bale na kupata rinda zuri, alinivisha nikae mbele ya kibanda, mteja aone linavyokaa mwilini. Mteja akilipenda, nilivuliwa palepale nikabaki na shimizi. Nimewahi kuvaa sweta jekundu siku nne, nikalizoea, nikaanza kulihesabu kuwa langu, kisha mama mmoja akamnunulia mwanawe. Nilinuna. Mama alicheka akaniambia, "Wewe una bahati. Wenzako wana nguo moja, wewe umevaa za watoto wote wa Nairobi." Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka vizuri zaidi kumhusu, kicheko hicho, na vile alivyokung'uta nguo mara tatu kabla ya kuitundika.

Shule yetu ilikuwa upande wa Olympic, na mwalimu wetu wa sayansi aliitwa Akoth. Sisi tulimwita Ticha, kama ambavyo watoto wote wa kule waliwaita walimu wao. Alikuwa mrefu, mtu wa kutoka kando ya ziwa, na alikuwa na mazoea ya kuchomeka kitambaa cha mkono kwenye mkanda wa saa yake. Kitabu cha sayansi hakukipenda. Siku ya kwanza ya somo la mimea alikifungua kwenye ukurasa wake, akatuonyesha mchoro, akakifunga.

"Hii maharagwe ni ya kuchorwa," akasema. "Maharagwe ya kuchorwa haioti. Kesho kila mtu alete mkebe."

Alikuwa ametufanyisha mambo mengi kabla ya hapo. Tulitengeneza mizani kwa kiango cha nguo na vifuniko viwili. Tulikata chupa ya plastiki tukaifanya kipimo cha mvua, tukaiweka juu ya paa la choo, na watu wakaanza kusema watoto wa shule ile wanapima mvua ya choo. Tulihesabu mapigo ya mioyo yetu tukiwa tumekaa, kisha tukakimbia uwanjani na kuyahesabu tena. Kila kitu tulikiandika. Na hapo kwenye kuandika ndipo ukali wake ulipokuwa. Alikuwa na kauli moja aliyoirudia hadi ikawa tunaiota: "Andika kenye umeona, si kenye unataka," yaani kile ulichokiona, si kile unachokitaka. Kulikuwa na mvulana aliyeandika kwamba mche wake umeongezeka sentimita mbili tangu jana. Ticha alichukua rula, akapima mbele yetu sote, akapata nusu sentimita. Hakumchapa. Alimwambia aufute uongo ule kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani, na karatasi ikabaki na alama ya kufutwa muhula mzima, kila mtu anayeingia anaiona. Mvulana yule afadhali angechapwa.

Somo la maji lilianza hivi. Asubuhi moja Ticha alikuja na mkebe kutoka kwake, ndani yake mche wa maharagwe uliolala kabisa, majani yakining'inia ukingoni. Tulidhani umekufa. Aliuweka mezani, akaumwagia maji, akaendelea na kipindi. Tuliporudi baada ya chakula cha mchana, mche ulikuwa umesimama. Walioketi nyuma walipanda madawati ili wauone.

"Imeongezwa maji, imeamka," Ticha akasema. "Sasa tutaangalia ile haiongezwi."

Akatugawia kazi. Kila dawati mikebe miwili. Wa kwanza ungeongezwa maji kila siku. Wa pili, miche ikishatoa majani manne, usingeongezwa tena hata tone, na sisi tungeandika kila asubuhi tunachokiona hadi mwisho wake. Nilikuwa nikikaa na Zena, msichana Mnubi wa Makina aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Yeye akachukua mkebe wa kwanza, mimi nikabaki na wa pili. Jina langu ni Nanjala, jina la Kiluhya analopewa msichana aliyezaliwa wakati wa njaa, na kulikuwa na Waluhya wa kutosha darasani kulijua hilo. Walicheka sana. "Nanjala amepewa mkebe ya njaa," mmoja akasema, na hata Ticha akaficha mdomo kwa kile kitambaa. Nami nilicheka. Wakati huo nyumbani kwetu kila mtu alikuwa mzima, au ndivyo nilivyodhani.

Mama alianza kwa kurudi mapema kutoka Toi. Kisha akawa haendi. Baba alisema ni malaria na taifodi. Miaka ile kila mgonjwa wa mtaa wetu alikuwa na malaria na taifodi, hata wale waliougua mwaka mzima, na hakuna aliyeuliza zaidi. Aliharisha na kutapika hadi macho yakaingia ndani, na siku moja nilipotoka shule nilikuta kitanda kimetandikwa. Baba alikuwa amempeleka hospitali. Mdogo wake Mama, ambaye nilimwita Anti, alikuwa ameketi mlangoni na begi langu la nguo magotini. Nikaenda kukaa naye Kawangware.

Anti alikuwa akifua nguo za watu Lavington. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono iliyochakaa kwa sabuni. Aliondoka alfajiri, kwa hiyo nami niliondoka alfajiri, nikateremka hadi Ngong Road, nikavuka, nikakata njia za ndani hadi Olympic, nikifika shuleni kabla hata ya wanaofagia. Jioni Anti alipitia hospitali, na mimi nilimngoja kwake na ufunguo. Watoto hawakuruhusiwa wodini. Nilichojua kuhusu Mama ni kile tu Anti alichokisema akivua viatu.

Jioni ya kwanza alisema, "Ameongezwa maji."

Nyinyi mliokulia Nairobi mnajua maana yake. Ni ile chupa inayoning'inizwa juu ya kitanda, na mpira mwembamba, na sindano kwenye mkono. Kwetu hatukuwa na neno jingine. Lakini mimi sikuwahi kuingia wodini na sikujua habari za chupa wala mpira. Nilijua mkebe. Nilimwona Mama amelala, majani yakining'inia ukingoni, na daktari akimmwagia maji, na nikafurahi sana, kwa sababu mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu kinachofuata.

"Basi atasimama," nikamwambia Anti.

"Mungu akipenda," akasema.

Nikaona Anti hajui sayansi. Nilichukua penseli nikapiga hesabu. Mche wa Ticha ulikuwa nusu rula, na ulihitaji nusu siku kusimama. Mama nilimkadiria rula tano na nusu. Hizo ni nusu rula kumi na moja, kwa hiyo nusu siku kumi na moja, kwa hiyo siku tano na kidogo. Nilianza kuhesabu Jumamosi. Mama angesimama Alhamisi, mchana. Zena nilimweleza, naye akaipitia hesabu yangu kwenye daftari lake akasema iko sawa.

Siku hizo nilikuwa mtulivu kuliko mtoto yeyote mwenye mgonjwa. Majirani wa Anti walinipa mandazi wakinitazama kwa huruma na mimi nikayala nikishangaa wana nini. Shuleni niliandika kwenye manila, chini ya mkebe wa pili: majani yamelegea. Kesho yake: majani yamelegea zaidi. Sikuona uhusiano wowote. Mama alikuwa akiongezwa maji, mche wangu ulikuwa hauongezwi, hivyo vilikuwa vitu viwili tofauti.

Alhamisi jioni Anti alirudi akachelewa kuvua viatu.

"Wamemtoa maji," akasema. "Mishipa imekataa sindano."

"Na amesimama?"

"Bado."

"Sasa mbona wamemtoa na hajasimama?"

Anti alinisogezea sahani. "Daktari ndio anajua, Nanjala. Kula."

Nilikula. Ilikuwa sukuma wiki na ugali, na nilimaliza. Nikiwa na sahani bado mkononi nilielewa kwamba Mama sasa alikuwa mkebe wa pili. Hakuna kilichoniuma. Kitu ndani yangu kilizimika tu, kama jiko likizimwa utambi, na nikaendelea kuosha sahani yangu, na ya Anti, na sufuria.

Kesho yake nilifika shuleni kabla ya wote. Nilikuwa na maji kwenye chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Nikaumwagia mkebe wa pili, kidogo kidogo, ili usitoe maji chini. Niliamua kwamba mkebe ule usipokufa, Mama hatakufa. Hiyo si sayansi, najua, na nilijua hata siku ile. Nilikuwa mwanafunzi mzuri wa Ticha Akoth na nilijua ninaharibu kazi ya darasa zima, na mwandiko uliofutwa wa yule mvulana ulikuwa pale ukutani ukinitazama. Nilimwaga hata hivyo. Wanafunzi walipoingia nilikuwa kwenye dawati nikinoa penseli. Tangu siku hiyo niliumwagia kila asubuhi ya shule.

Ijumaa mchana mche ulianza kuinuka. Jumatatu ulikuwa umenyooka. Zena aliinama akautazama, kisha akautazama wake, kisha akanitazama mimi.

"Nanja, hii imeamka aje na haijaongezwa maji?"

"Sijui."

"Sasa tuandike nini?"

"Andika kenye umeona."

Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: imesimama. Jumanne akaandika tena: imesimama. Kufikia wakati huo mikebe ya pili ya madawati mengine yote ilikuwa na vijiti vikavu tu, na watoto wakaanza kuja dawati letu kutazama. Wengine walisema ni udongo wa Makina. Mmoja alisema sisi Waluhya tuna dawa. Kila jioni nilimwuliza Anti hali ya Mama naye akajibu, "Yuko tu," na mimi nilichukua jibu hilo kuwa zuri. Kwenye manila, kuwa pale tu kulikuwa bora kuliko kunyauka.

Jumatano Ticha alipita dawati kwa dawati. Alipofika kwetu alisimama. Hakugusa kitu. Alitazama mkebe, akatazama karatasi, akarudi mbele.

"Kuna mtu ameweka maji mahali haifai kuwekwa," akasema. "Sitauliza leo. Leo mtanidanganya. Mwende mfikirie, na kesho asubuhi huyo mtu asimame mwenyewe aniambie. Asiposimama, tunang'oa hii karatasi yote, tunaanza upya, kila mtu."

Majuma sita ya kazi ya watoto wote. Nilitembea hadi Kawangware nikifikiria nitasema nini. Nilikuwa nimekata shauri kusimama. Kilichonitia hofu hakikuwa aibu ya kufutiwa. Nilihofia kwamba nikisema, wataung'oa mche.

Asubuhi ya Alhamisi Anti hakwenda Lavington. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, na akaniambia tutakwenda pamoja shuleni. Tulitembea polepole, kwa hiyo tulichelewa, na chupa yangu ya dawa ilibaki na maji mfukoni. Njiani alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Nilifikiri Ticha amemwita. Nilifikiri, Ticha ameshajua, ametuma mtu Kawangware, na sasa Anti amekosa kibarua cha siku nzima kwa sababu ya maharagwe.

"Enda ukae kwa darasa," Anti akaniambia langoni. "Niongee na ticha wako kidogo."

Niliwatazama kupitia dirishani. Anti aliongea, Ticha akasikiliza. Ticha alichomoa kitambaa chake kwenye saa, akakishika tu mkononi bila kukitumia. Mara moja aligeuka kunitazama, kisha akaangalia chini upesi. Nikasema basi, nimeshtakiwa. Nikapanga maneno yangu: Ticha, ni mimi, nisamehe, usiing'oe.

Aliingia. Darasa likasimama, likaketi. Tulingoja aulize lile swali, na mimi nilikuwa nimeshashika ukingo wa dawati ili nisimame. Hakuuliza. Alikuja moja kwa moja hadi kwetu, akaingiza kidole kwenye udongo wa mkebe wa pili. Kidole kilitoka na tope. Kila mtu aliyekuwa karibu aliliona, na Zena, aliyekaa bega kwa bega nami, alivuta pumzi. Ticha alikifuta kidole polepole kwa kitambaa. Kisha akaenda ukutani, akachukua kalamu, na kwenye nafasi ya siku ile, mbele ya jina langu, akaandika yeye mwenyewe: Haikuongezwa maji. Imesimama.

Zena aliinua mkono. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa tu amefundishwa vizuri.

"Ticha, lakini hiyo udongo iko na maji. Ulisema tuandike kenye tumeona."

"Nilisema," Ticha akajibu bila kugeuka. "Na ndio hiyo nimeona. Keti, Zena."

Mwandiko wake, ambao siku zote ulikaa kwenye mstari, ulikuwa umepanda juu. Alifunika kalamu, ikamshinda mara ya kwanza, akafunika tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Beba begi yako, Nanjala. Anti yako anakungoja."

Nilisoma yale maneno ukutani mara mbili. Huyu alikuwa mwalimu ambaye hangemwachia mtoto nusu sentimita. Na sasa, mbele ya watoto wote, alikuwa ameniandikia mche mzima. Mtoto wa darasa la nne anajua kwamba mtu mzima hampi kitu kikubwa namna hiyo bure. Nikajua Mama amekufa. Nilitia daftari kwenye begi, nikatia na penseli, nikamwomba Zena anipishe nitoke. Sikulia. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilitetemeka, au nilihisi baridi, na ninachokumbuka ni kwamba mkanda wa begi ulikuwa umejikunja nikaunyoosha.

Tulikata tena njia za ndani, mimi na Anti. Aliniuliza kama nina kiu, nikasema hapana. Tulipofika Ngong Road, mahali akina mama walipouzia mahindi ya kuchoma, alitafuta jiwe la ukingoni, akanikalisha, akachuchumaa mbele yangu akanishika magoti yote mawili.

"Nanjala," akasema, "mama yako."

"Najua."

Mikono yake ikaacha kunibonyeza. "Nani amekuambia?"

"Ticha."

Nilimwona akikasirika, na hasira ile ilikuwa kama imempumzisha. "Na nimemwomba. Ameniapia pale nje hatakuambia. Amesema hata yeye hawezi, hiyo ni kazi ya watu wa nyumbani."

"Hajaniambia," nikamjibu. "Ameandika."